Tuliomba Mtaro, Tukaletewa Taa

Mtaa wetu una taa za barabarani za sola. Nguzo ndefu za chuma, zimepakwa rangi ya fedha, na zinawaka kweli, sisemi uongo. Mvua ya masika ikishuka usiku, maji yakaanza kupanda barazani, tunayaona vizuri kabisa yanavyokuja. Zamani tulikuwa tunayasikia tu. Nayo ni maendeleo, mtu asije akasema safu hii haina shukrani.

Ila taa hatukuziomba. Tuliomba mtaro. Tumeuomba tangu enzi za mwenyekiti aliyepita na za yule aliyemtangulia. Tumeuomba kwa barua, kwa mdomo, na kwa kumpokea Mheshimiwa Diwani tukiwa tumekunja suruali hadi magotini ili ajionee mwenyewe. Halmashauri yetu (jina lake naliacha, bado nahitaji barua za utambulisho) ilipoulizwa kulikoni, jibu lilirudi likiwa na muhuri: wananchi wenyewe waliibua mradi wa taa katika mkutano wa hadhara, wakauridhia kwa kauli moja, na orodha ya mahudhurio imeambatanishwa.

Tukaomba tuione hiyo orodha. Sahihi yangu ipo, karibu na juu kabisa. Inayofuata ni ya jirani yangu, mzee mstaafu wa reli, ambaye haoni sawasawa na sahihi yake huanzia kwenye mstari wake ikaishia kwa mtu mwingine. Mama wa genge yupo. Kinyozi yupo. Mtaa mzima upo, kwa mwandiko wetu wenyewe, na hakuna wa kukana. Isipokuwa sahihi hizo tulizitia siku ya mkutano wa taka, walipokuja kutueleza kwamba gari la taka halitapita tena Jumanne. Siku ile ukurasa haukuwa na kichwa. Kichwa kimeandikwa baadaye, kwa kalamu ya rangi nyingine: "Uibuaji wa Mradi wa Taa."

Tangu hapo naliheshimu sana daftari la mahudhurio. Watu wanasoma sheria, wanakariri Katiba, wanajua kwamba ibara ya 145 na ya 146 ndizo zinazoanzisha Serikali za Mitaa na kwamba lengo lake ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Kuna sheria mbili za 1982, moja ya mamlaka za wilaya, nyingine ya mamlaka za miji, zimekaa tu kabatini. Lakini nguvu yenyewe imo kwenye kaunta buku la kwaya mbili, jalada limechanika pembeni, linalopitishwa mkono kwa mkono wakati watu wanatafuta kivuli. Ukishaandika jina, namba ya simu na sahihi, umeshirikishwa. Waweza kwenda zako nyumbani, mradi utaendelea kukubaliwa na wewe ukiwa umelala.

Mzee wa reli hashangai. Yeye anakumbuka 1972, Serikali za Mitaa zilipovunjwa tukaingia mfumo wa Madaraka Mikoani, mipango ikawa inapangwa na maofisa. Mabaraza ya miji yalirudi 1978, ya wilaya yakasubiri hadi 1984. Nilimwuliza anaonaje tofauti ya enzi zile na hizi. Akafikiri, akarekebisha kofia.

"Mwanangu, zamani walikuwa wanaamua bila kutuita. Siku hizi wanatuita."

Kwenye karatasi utaratibu ni mzuri, na ninasema hivyo bila kejeli. Upo mfumo unaoitwa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo. Wananchi wanakaa, wanataja walicho nacho, wanataja kinachowakwaza, wanapanga vipaumbele kwa namba. Orodha inatoka mtaani inakwenda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, inapanda halmashauri, inajadiliwa na wataalamu na madiwani, inakwenda mkoani, TAMISEMI, Hazina, hatimaye bungeni. Safari ndefu yenye vituo vingi, na kila kituo kipaumbele chetu kinashushwa begi moja. Halafu kutoka juu unateremka mdudu anaitwa ukomo wa bajeti. Ukomo unaeleza fedha zitakuwa kiasi gani, na mara nyingine ni za kazi gani. Basi mtaro wetu namba moja unakutana na ukomo njiani, mmoja anapanda, mwingine anashuka, na katika kupishana huko anayeanguka unamjua.

Sasa watu wazima wa halmashauri hawawezi kurudi kwa wananchi wakasema, "Jamani, fedha zimekuja lakini ni za taa." Tungenung'unika wiki moja tukazoea. Wao wanaona bora waandike kwamba taa tulizitaka sisi. Hicho ndicho kinachoniudhi. Kunyimwa nimezoea, kusingiziwa kwamba nimeomba nilichopewa, sijazoea.

Wala si sisi peke yetu. Dar es Salaam ilijengewa Machinga Complex pale Ilala, jengo la ghorofa kwa mkopo wa NSSF, ili wamachinga waondoke barabarani. Wamachinga walikwenda wakaangalia, wengi wakarudi barabarani, na vizimba vikakaa miaka bila watu. Sababu waliitoa wazi: mteja wa soksi hapandi ngazi. Soksi anazinunua akiwa anawahi daladala, la sivyo hanunui. Jambo hilo angeliweza kulieleza mmachinga yeyote, bure, kabla zege halijamwagwa, na asingehitaji hata soda.

Nikirudi kwenye mikutano yetu. Tangazo linasema saa nne asubuhi, na mtu mwenye akili anafika saa sita akijua amewahi. Pale chini ya mwembe kuna meza kuu yenye kitambaa cha kijani na chupa za maji, na kuna sisi. Utambulisho unachukua muda kuliko ajenda. Anatambulishwa mtendaji wa kata, mtendaji wa mtaa, mwenyekiti, wajumbe wake, polisi kata, afisa maendeleo ya jamii, mwakilishi wa mkandarasi, mgeni aliyeletwa na mwakilishi wa mkandarasi, na dereva. Kila mmoja anasimama, anasalimia, anasema hana mengi ya kusema, kisha anayasema.

Zinafuata ajenda. Kufungua kikao. Kusoma muhtasari wa kikao kilichopita. Yatokanayo. Taarifa ya mapato na matumizi. Mengineyo. Kufunga. Muhtasari husomwa kwa kasi ya mtu anayekimbizwa, na ukinyoosha mkono kuuliza, unaambiwa swali lako ni zuri, lakini si la yatokanayo, ni la mengineyo. Taarifa ya mapato na matumizi "itabandikwa ubaoni." Tukifika mengineyo ni saa nane, jua limezunguka mwembe, meza kuu ina kikao kingine kata ya jirani, na mwenyekiti anaruhusu maswali mawili ya haraka, kina mama kwanza.

Siku moja aliyesimama ni mama wa genge. Nguzo za taa zilikuwa zimeshalazwa kando ya barabara.

"Ndugu Mwenyekiti, shikamoo. Mimi nauliza nguzo moja ni shilingi ngapi."

Mwenyekiti akamtazama mtendaji. Mtendaji akamtazama mwakilishi wa mkandarasi. Mwakilishi akaitazama simu yake, ambayo ilikuwa haijaita.

"Mama yangu," akasema mtendaji, "mkataba ni nyaraka ya serikali. Una utaratibu wake."

"Sijaomba mkataba, baba. Nimeomba bei. Mimi nikipandisha nyanya shilingi mia, mtaa mzima unajua kabla ya saa tatu, na watu wanakuja kuniuliza kwa nini."

Watu wakapiga makofi. Mwenyekiti akasema hoja imepokelewa. Hoja zetu zote hupokelewa. Sijui wanazihifadhi wapi.

Bei ingepaswa kuwa kwenye kibao. Kila mradi una kibao chake, nacho nimekisoma kwa makini. Jina la mradi lipo. Mwajiri yupo. Mkandarasi yupo, na herufi za jina lake ni kubwa kuliko za mwajiri. Chanzo cha fedha kipo. Mbele ya "Gharama za mradi" pana rangi iliyobanduka. Upepo wa mtaa wetu ni wa ajabu, unabandua mstari mmoja tu. Mbele ya "Muda wa mkataba" imeandikwa miezi sita, lakini tarehe ya kuanza haikuandikwa, kwa hiyo miezi sita hiyo inaweza kuanza siku yoyote mkandarasi atakapojisikia.

Msinielewe vibaya, najua mambo yamebadilika. Tangu 2023 ununuzi wa umma unapitia mfumo wa kielektroniki wa NeST, uliochukua nafasi ya ule wa TANePS, na mwaka huohuo ikatungwa sheria mpya ya ununuzi. Zabuni zinatangazwa humo, zinaombwa humo, zinafunguliwa humo. Bahasha za kaki zilizokuwa zikiingia bodi ya zabuni zikiwa nyembamba na kutoka zikiwa nene zimepoteza kazi. Mjukuu wa mama wa genge, kijana wa chuo, alikaa na simu jioni nzima akitafuta taa zetu. Alichopata ni zabuni ya "uboreshaji wa miundombinu mbalimbali," kata kadhaa kwa pamoja: stendi, choo cha soko, vizimba vya taka na taa, jumla moja chini. Bei ya nguzo imo, bila shaka. Imekaa katikati ya choo na stendi, imejifunika.

Mfumo huohuo nao una vituko vyake ukifika chini. Rafiki yangu mmoja ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi kijijini. Shule ikitaka saruji na misumari, mwalimu aingie kwenye mfumo. Mtandao uko kwenye kichuguu nyuma ya nyumba ya mwalimu wa taaluma. Basi utamkuta mwalimu mkuu, mtu mzima, tai shingoni, amesimama juu ya kichuguu ameinua simu, anatangaza zabuni ya misumari. Duka la vifaa liko ng'ambo ya barabara. Mwenye duka anamtazama tu. Naye hajajisajili kwenye mfumo, hivyo kwa macho ya serikali hana misumari.

Ninachotaka kusema ni kwamba kompyuta imemzuia mwizi wa bahasha, na hilo ni jema, lakini haijampa mama wa genge bei yake. Na bei ndiyo mlinzi. Ushahidi tunao. Mwishoni mwa 2021 serikali ilipata mkopo wa IMF wa shilingi trilioni 1.3 wa kukabiliana na UVIKO-19, na sehemu yake ikajenga madarasa 15,000 nchi nzima. Kila mtu alijua bei: milioni 20 kwa darasa. Ilisemwa redioni, ilisemwa misikitini na makanisani, watoto waliijua. Nikaona kitu ambacho sijawahi kukiona tena. Wazee waliokuwa wanacheza bao walihamishia bao lao mbele ya shule. Walihesabu mifuko ya saruji ikishuka. Walijua bati ni la geji ngapi. Fundi akichanganya zege kwa ubahili, kuna mtu anakohoa. Saruji ilipopanda bei, mtaa ulijua imepanda, ukajua kwa nini milioni 20 zinalia. Hatukupewa semina ya uwajibikaji wala fulana. Tulipewa namba moja tu.

Kwenye taa hatukupewa namba, tukapewa fulana.

Na nisimwonee mkandarasi. Huyu wa taa alikuwa kijana, wa daraja la saba, lile la chini kabisa kwenye usajili wa makandarasi. Nguzo nne za mwisho zilikaa chini muda mrefu, mbuzi wakazizoea. Nikamfuata kumsema. Akanitolea karatasi zake palepale kwenye boneti ya pikapu: cheti cha malipo kimesainiwa na mhandisi, kimeondoka kwa mhandisi, kimefika uhasibu, kimelala. Yeye amekopa benki kununua nguzo hizo, na benki haijui mambo ya kulala. Ripoti za Mkaguzi Mkuu, CAG, zimeonesha zaidi ya mara moja mabilioni yakilipwa kama riba kwa makandarasi waliocheleweshewa fedha zao. Yaani kuna miradi ambayo sisi tunailipa, halafu tunalipa tena kwa sababu hatukuilipa. Kijana akaniuliza kama namfahamu mtu uhasibu. Mimi! Mtu ambaye hata ubao wa matangazo sijaruhusiwa kuugusa.

Kitu pekee kinachoharakisha cheti ni Juni. Mwaka wa fedha unakwisha tarehe 30, na fedha ya maendeleo isiyotumika ina hatari ya kurudi Hazina. Basi kuanzia katikati ya Mei halmashauri inaamka. Watu walioshindwa kupatikana tangu Septemba wanapatikana Jumapili. Greda linakuja kuchonga barabara, wakati masika hayajamaliza kunyesha. Linamwaga moramu asubuhi, jioni mvua inaibeba na kuipeleka kule ambako mtaro ungekuwapo. Kwenye taarifa barabara imechongwa. Na ilichongwa kweli, tuliiona, ilidumu toka asubuhi mpaka alasiri.

Kuna na Mwenge. Mwenge wa Uhuru ukipangiwa kupita kwetu, mawe yanapakwa chokaa, nyasi zinafyekwa, na kibao cha mradi kinapigwa rangi upya, safari hii mistari yote. Kiongozi wa mbio za Mwenge anafika, anauliza nyaraka: mkataba uko wapi, vipimo viko wapi, malipo yamefanyika vipi. Zinaletwa kwenye faili, zimepangwa, watu wanatoka jasho. Miaka yote tunasikia kwenye habari kwamba mahali fulani amekataa kuzindua mradi kwa sababu nyaraka zina kasoro. Mimi napenda sana anapokataa. Lakini najiuliza: yule anapita na mwenge kwa nusu saa na hatarudi, anaoneshwa mkataba. Mimi ninayelala mita kumi kutoka kwenye hiyo nguzo naambiwa njoo Jumatatu.

Jumatatu nilikwenda, ndiyo. Anayehusika alikuwa semina. Nilimkuta msaidizi wake, binti mpole sana, akaniambia, "Baba, andika barua kwa Mkurugenzi, ipitie kwa mtendaji wa mtaa." Mtendaji wa mtaa akaniambia lazima kwanza ijadiliwe kwenye mkutano wa mtaa. Mkutano wa mtaa una ajenda, na jambo langu ni la mengineyo.

Baadaye zikaja habari njema: halmashauri yetu imepata hati safi. Kila mwaka Mkaguzi Mkuu humkabidhi Rais ripoti zake mwishoni mwa Machi, kisha zinapelekwa bungeni Aprili, nasi huku chini ndipo tunaanza kujifunza mambo ya mtaa wetu kupitia Dodoma. Mwaka huo kulikuwa na pilau ofisini na bango getini. Kinyozi akaniuliza, kwa hiyo hakuna aliyekula? Nikamweleza nilivyoelezwa na watu wa hesabu: hati inayoridhisha maana yake hesabu zimeandaliwa na kuoneshwa inavyotakiwa. Haisemi kwamba mradi ulikuwa wa lazima, au kwamba bei ilikuwa ya haki, au kwamba hamna hoja za ukaguzi kurasa za ndani. Kinyozi akazima mashine. "Kwa hiyo hati ndiyo safi, mtaro mchafu." Hatuna mtaro, nikamkumbusha.

Nimekuwa nikiwasikia wataalamu wakisema wananchi hawana mwamko, hawahudhurii mikutano. Ni kweli, siku hizi wengi hawaji. Tulichagua viongozi wa mitaa tarehe 27 Novemba 2024, na kwa miezi michache mikutano ilijaa, viongozi wapya walitupigia hadi simu. Kisha watu wakagundua kwamba ukihudhuria unahesabiwa umekubali, na usipohudhuria unahesabiwa hukuwa na pingamizi. Sasa mtu mwenye ndoo za kuchota maji ndani atachagua lipi?

Mimi nitaendelea kwenda, kwa sababu nyumba yangu ndiyo ya bondeni. Wala simdai mtu mambo makubwa. Nadai daftari liwe na kichwa kabla ya sahihi, muhtasari usomwe kwa mwendo wa mtu anayetembea, taarifa ya mapato na matumizi ije kabla ya utambulisho wa dereva, na bei ya kila kitu kinachosimikwa mtaani iandikwe kwenye kibao kwa rangi isiyobanduka. Hayo hayahitaji mfadhili.

Mkutano ujao umetangazwa Jumamosi, saa nne asubuhi, chini ya mwembe uleule. Tangazo linasema ajenda ni usafi wa mazingira. Njooni. Na daftari likikufikia, soma ukurasa umeandikwa nini juu kabisa. Kama juu hapajaandikwa kitu, andika wewe mwenyewe, kwa kalamu ya wino: MTARO. Kisha weka sahihi na umpitishie jirani.